Mdomo wa Mama Peres

Picha ya nne ilipotokea ukutani, Daktari Veronicah Kitavi alikuwa amewapa watu mgongo, akijisifu kimoyomoyo kwa jinsi ilivyotoka safi. Ilikuwa picha ya mdomo wa mwanamke, mdomo tu, bila pua wala macho. Vidole viwili vyenye glavu vilikuwa vimeuvuta mdomo wa chini, na ndani yake, pale unapoungana na ufizi, palionekana doa jeupe lenye mikunjo, pana kiasi cha ukucha wa kidole gumba.

"Mgonjwa ni mama wa miaka sitini na sita," Veronicah aliwaambia. "Ametumia ugoro kwa miaka thelathini na moja. Anauficha hapa, chini ya mdomo. Kama mnavyoona, meno sita ya mbele ya chini yaling'olewa akiwa msichana, kwa mila za kwao, kwa hivyo ugoro unapata nafasi ya kukaa bila kuonekana. Watu wa nyumbani kwake hawajui."

Aliizungusha taa yake ndogo nyekundu kwenye doa, kisha akageuka kutafuta macho ya msimamizi wake. Badala yake akakutana na uso wa Clifford.

Clifford Obuya hakupaswa kuwa pale. Kikao cha Alhamisi kilikuwa cha wale wanaosomea magonjwa ya kinywa, madaktari wa meno waliorudi darasani wakiwa watu wazima ili watoke huko mabingwa. Yeye alikuwa upande wa upasuaji, na saa hizo angekuwa ghorofa ya chini katika chumba cha operesheni. Lakini asubuhi hiyo maji yalikatika, operesheni zikaahirishwa, na wanafunzi wote wa upasuaji wakaambiwa wapande juu wakajifunze kitu. Veronicah hakuwaona wakiingia. Sasa mchumba wake alikuwa ameketi safu ya tatu, ameshika kikombe cha chai alichosahau kukinywa, na wala hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama jino.

Jino la juu, la mbele, lililomeguka pembeni. Hadithi ya jino hilo Veronicah aliijua, tena aliijua kutoka kwa Clifford mwenyewe. Siku matokeo yake ya darasa la nane yalipotoka, mama yake alinunua kreti nzima ya soda, akakosa kifunguzi, na kwa ile furaha akaifungua chupa ya kwanza kwa meno. Clifford alimsimulia siku ya kwanza walipokunywa chai pamoja, wakacheka hadi watu wa meza ya pili wakageuka. Leo jino hilohilo lilikuwa ukutani, kubwa kuliko dirisha, mbele ya watu arobaini na mmoja.

Ardhi haikupasuka immeze. Huwa haipasuki siku unapoihitaji.

"Daktari Kitavi," msimamizi wake, Daktari Nurjahan, aliita kutoka kiti cha mbele, kalamu mkononi. "Idhini ya kutumia picha hizi unayo?"

"Ninayo, Daktari."

"Mgonjwa ametia sahihi?"

"Ndiyo, Daktari."

Sahihi ilikuwa ya mgonjwa kweli. Kilichobaki kwenye fomu hiyo Veronicah alikijua peke yake.

Clifford aliinuka. Akakiweka kikombe sakafuni polepole, akapita mbele ya magoti ya watu akiomba radhi kwa sauti ya chini, akatoka. Hakuubamiza mlango. Veronicah angefurahi kama angeubamiza.

Hapa ni vizuri tumtetee kidogo msichana huyu, maana siku hiyo yeye mwenyewe alijitukana vya kutosha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka na alikuwa na hofu, na vitu hivyo viwili vikikutana katika kichwa kimoja, hata mtu mwenye digrii mbili hufanya mambo ya mtoto.

Mama Peres, mama yake Clifford, alikuwa amemkataa mwaka mzima. "Msichana wa miaka ishirini na tisa bado anabeba begi la shule," alimwambia mwanawe, kitinda mimba wake. "Atakuzalia lini, Cliff? Kati ya mtihani na mtihani? Na kwao ni Ukambani. Siaya kwetu wasichana wameisha?" Kila Veronicah alipokwenda Kinoo na Clifford kumsalimia, alipewa chai, akapewa kiti kilicho karibu na mlango, na mazungumzo yakaendelea kwa Kijaluo juu ya kichwa chake.

Halafu, wiki tatu zilizopita, Jumanne moja asubuhi, Mama Peres mwenyewe alitokea kliniki huko Upper Hill, amejifunga kitambaa kichwani hadi kwenye nyusi. Aliwakataa madaktari wawili. Akamtaka yule msichana wa Kitavi.

"Sikuja kama mama ya Clifford," alisema baada ya pazia kuvutwa. "Nimekuja kama mgonjwa. Daktari hasemi mambo ya mgonjwa, si ndiyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Hata kwa bwana yake?"

"Hata kwa bwana yake."

Mama Peres aliutafakari uso wake kwa muda, kama mtu anayenunua samaki. "Mimi ndio mwenyekiti wa kina mama kanisani. Kuna wanawake nimewasimamisha kwa sababu ya sigara. Na mimi mwenyewe..." Akafumba macho, akafungua mdomo.

Veronicah aliliona doa jeupe. Ndani yake akaona pia alama ndogo nyekundu, na hiyo hakuipenda hata kidogo. Akampangia siku ya kukatwa kinyama kidogo cha kupimwa, akampiga picha ili waweze kulinganisha, akamletea fomu.

"Wewe nionyeshe tu nitie wapi," Mama Peres alisema. Hakusoma. Alikuwa ameshika mkono wa Veronicah.

Kuanzia siku hiyo hakumwita tena "rafiki ya Cliff". Alimwita nyathina, yaani mtoto wangu, na kiti cha karibu na mlango kikasahaulika. Wazee wa kina Obuya wakapangiwa siku ya kwenda Mwala kwa kina Kitavi kujitambulisha. Mwaka mzima wa kunyenyekea haukuwa umefanya kitu, na mdomo mmoja uliofunguliwa ukafanya yote.

Sasa, ile fomu ilikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza kiliruhusu matibabu. Cha pili kiliruhusu picha zitumike kufundishia, na hicho kilibaki kitupu. Veronicah alikuwa na mgonjwa mwingine aliyemwandaa kwa kikao cha Alhamisi, lakini mgonjwa huyo alisafiri kwao bila kuaga, na kikao kilikuwa na alama za mwaka wa pili. Jumatano alasiri, akiwa katika chumba cha kuazima, kichwa kikimuuma, alizipitia picha zote alizokuwa nazo, akaiona hii. Hakuna iliyokuwa nzuri kama hii. Akajiambia kwamba mdomo bila uso ni mdomo wa mtu yeyote. Akachukua kalamu ya bluu, akakitia alama kile kisanduku cha pili kwa mkono wake mwenyewe.

Alimkuta Clifford kwenye ngazi za nyuma, zile ambapo wao wawili walizoea kukutana saa nne wakigawana mandazi. Koti lake jeupe lilikuwa limekunjwa kwenye magoti.

"Ni Mama," Clifford alisema. Hakuwa akiuliza.

"Ni Mama."

"Tangu lini anakuja kwako?"

"Cliff, siwezi kukuambia mambo ya mgonjwa."

Clifford aliinua uso. "Watu arobaini umewaambia, Vero. Ni mimi tu huwezi kuniambia?"

Veronicah alitamani kuketi kando yake, lakini leo ngazi ile haikuonekana kuwa na nafasi ya watu wawili. "Nilidhani hakuna mtu atamjua. Uso haukuwa."

"Uso haukuwa! Wewe na mimi tumesoma miaka mingapi? Si tunatambuanga hata maiti kwa meno?" Sauti yake ilikwaruza. "Yeye alikubali? Alikuambia waonyeshe?"

Hapo angeweza kudanganya. Karatasi ingemtetea.

"Hapana. Alikubali kutibiwa tu. Ile ya kufundishia nilitia tiki mimi mwenyewe. Jana."

Mtu alipita na ndoo juu yao, wakasubiri apite. Veronicah alikitazama kisogo cha mwanamume huyu aliyempenda miaka miwili, zile nywele fupi alizojua jinsi zinavyokwaruza kiganja, na akajiona hastahili hata kuzitazama.

"Unampenda mamangu?" Clifford aliuliza hatimaye.

"Nampenda. Unajua nampenda."

"Basi asijue." Aligeuka, na macho yake yalikuwa mekundu. "Hii kitu ibaki hapa kwa hizi ngazi. Jumatatu atakuja, atapimwa. Wazee wataenda kwenu. Tutaoana. Mimi nitakusamehe, Vero, najua nitakusamehe, nipe tu muda. Lakini ukimwambia, hiyo aibu itammaliza. Hatakanyaga hospitali tena. Na mimi na wewe itakuwa basi."

"Unaniwekea masharti?"

"Nakupa njia ya kutoka."

Akaushika mkono wake, akapitisha kidole gumba kwenye kifundo cha mkono kama alivyozoea. Kwa dakika moja Veronicah alikuwa amesamehewa, na moyo wake ukarukaruka kwa furaha ambayo hapohapo aliionea haya. Kisha Clifford akauachilia mkono, akavaa koti, akashuka.

Ijumaa ilipaswa kuwa siku ya kupumua. Hakuna aliyemuuliza kitu. Wenzake wawili walimpongeza kwa picha nzuri, naye akashukuru, akaenda chooni kunawa uso. Kila mgonjwa aliyeketi kwenye kiti chake aliambiwa, "Fungua mdomo," na kila aliyefungua bila kusita alimchoma.

Saa saba mchana simu ililia. Mama Peres.

"Nyathina, umekula?"

"Nimekula, Mama." Hakuwa amekula.

"Jumatatu nitakuwa hapo mapema. Nimewaambia wa kanisa naenda kununua vitambaa Ngara. Sikia, hiyo kukatwa, utanishika mkono?"

"Mikono yangu itakuwa inafanya kazi, Mama."

Mama Peres alicheka, kisha akashusha sauti. "Unajua, ile siku nilikuonyesha, nililala kama mtoto. Hata Mungu sijawahi kumwambia hiyo kitu kwa sauti. Nilikuwa nazunguka tu nikisema nisamehe yale anayojua. Wewe ndio nimeambia. Basi fanya kazi, nisikucheleweshe."

Simu ilikatika. Veronicah alisimama katikati ya kliniki na kioo cha kinywa mkononi, na akajua kwamba njia aliyopewa na Clifford hataiweza. Asingeweza kuketi meza moja na mwanamke huyu miaka thelathini, aitwe nyathina, na kila mara ageuze macho.

Akaenda kwanza kwa Daktari Nurjahan. Alimweleza yote amesimama, kuanzia mgonjwa aliyesafiri hadi kalamu ya bluu. Daktari Nurjahan alimsikiliza bila kukunja uso.

"Alama za jana zimefutwa," alisema. "Utaandika barua kwa kamati ya maadili, na sijui watasema nini. Mgonjwa umemwambia?"

"Bado, Daktari."

"Lakini mimi umeniambia."

"Nilifikiri nianze na wewe."

"Umeanza na mimi kwa sababu mimi ni rahisi." Alichukua kalamu akarudi kwenye karatasi zake. "Nenda, Veronicah. Jumatatu mgonjwa huyo nitamhudumia mimi, kama atakuja."

Jumamosi asubuhi alimwandikia Clifford maneno machache: Naenda Kinoo. Nitamwambia. Kisha akaizima simu, kwa sababu alijijua. Neno moja tamu kutoka kwa Clifford na angegeuza njiani.

Mama Peres alimpokea kwa mikono miwili. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka la vyuma, kando ya Waiyaki Way, na magari makubwa yalipopita vikombe vililia kabatini. Alikuwa amechemsha viazi vitamu. Alimketisha kwenye kochi lenye kitambaa cha kufuma, akamtazama.

"Umekonda. Mmegombana na Cliff?"

"Mama, tafadhali keti. Kuna kitu nimekukosea."

Akasema. Alikuwa amejiandalia maneno mazuri njiani, lakini yote yalimtoroka, akabaki na yale mafupi. Alisema kuhusu kisanduku, picha na ukuta. Alisema bila kutaja mtihani wala haraka, maana alipovitaja moyoni vilisikika kama kujitetea.

Mama Peres hakumkatiza. Aliweka kisu cha viazi kwenye sahani.

"Watu wangapi?"

"Arobaini na mmoja, Mama."

"Waliona meno?"

"Waliona."

"Uliwaambia ni ugoro?"

"Niliwaambia."

"Na miaka?"

"Thelathini na moja."

"Hata miaka." Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea hesabu ya matanga. Gari likapita, vikombe vikalia, vikanyamaza. Kisha akauliza lile swali ambalo Veronicah alikuwa akiomba lisije. "Clifford alikuwa hapo?"



"Alikuwa, Mama."

Mkono wa Mama Peres ulipanda wenyewe ukaufunika mdomo wake. Ukabaki pale. Alipozungumza tena, alizungumza kupitia vidole, na Veronicah hakuweza kumtazama.

"Alinipigia juzi jioni. Akaniuliza nimekula nini. Akauliza mara mbili. Nikasema moyoni, huyu mtoto ananipenda."

"Anakupenda, Mama."

"Nyamaza."

Akanyamaza. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini aliyaona ni ya ubinafsi, akayafuta haraka. Alipiga magoti kwenye sakafu ya simenti. Kwao Mwala, mtu mzima haombwi radhi ukiwa umeketi.

"Inuka," Mama Peres alisema. "Usinifanyie hiyo kitu. Ukipiga magoti ndio nikuhurumie? Nimewafunza wanawake kusamehe kila Jumatano, miaka kumi na mbili. Kumbe nilikuwa naongea tu. Haikuwa imenifikia."

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Clifford aliingia anahema, shati limemshika mgongoni. Alimtazama mama yake na ule mkono uliofunika mdomo, kisha Veronicah sakafuni.

"Umemwambia," alisema.

"Nimemwambia."

"Vero, si tulikubaliana?"

Mama Peres aligeuza kichwa polepole. "Mlikubaliana nini?"

Veronicah aliona jinsi mabega ya Clifford yalivyoshuka.

"Nimeuliza mlikubaliana nini."

"Kwamba usiambiwe, Mama," Clifford alisema. "Nilitaka kukulinda."

"Kunilinda na nani? Huyu ameshaniuza tayari." Mkono haukuondoka mdomoni, lakini sauti ilipanda. "Mdomo ni wangu. Ugoro ni wangu. Aibu ni yangu. Na nyinyi wasomi mkakaa mahali mkakubaliana mimi ndio nisijue? Mimi ningekuja Jumatatu, nimefungua mdomo, nacheka na huyu, na nyinyi wawili mnaangaliana juu ya kichwa yangu?"

Veronicah aliinuka. Kulikuwa na jambo moja ambalo lazima alitoe kabla hajafukuzwa. "Mama, Jumatatu ni Daktari Nurjahan atakuangalia. Anajua nilichofanya, nimemwambia mwenyewe. Mimi sitakuwa kwa hicho chumba, hutaniona hata kwa korido. Nichukie, Mama, ni haki yako. Lakini njoo. Ile alama nyekundu siipendi. Ikingoja inaweza kuwa kitu kingine."

"Toka nje kwanza."

"Utakuja?"

"Nyar Kitavi, nimesema toka nje." Binti wa Kitavi; si nyathina tena.

Alitoka. Uani kulikuwa na pipa la maji na kamba ya nguo iliyoanikwa shuka mbili. Alifika getini, akalishika komeo, asilifungue. Yote aliyoyapata katika wiki tatu yalikuwa yamebaki nyuma ya mlango ule, na alikuwa ameyatoa yeye mwenyewe, kwa hiari yake.

Nyayo zikasikika nyuma yake. Hakugeuka.

"Ulisema nikimwambia, itakuwa basi," alisema. "Nimesikia. Huna haja ya kurudia."

"Vero."

"Pete nitakupa Jumatatu. Vidole vimevimba, haitoki."

"Vero, niangalie."

Akageuka. Clifford alikuwa amesimama kati ya zile shuka mbili, na alionekana mdogo, mwanafunzi wa darasa la nane anayengoja matokeo.

"Si mama nilikuwa nalinda," alisema.

"Sijaelewa."

"Alhamisi. Picha ilikuja ukutani, na sikuwa nimeliona jino. Jamaa alikuwa kando yangu akasema hawa mama za kanisa ndio wabaya, wanaimba na ugoro umejaa mdomoni." Alimeza mate. "Nikacheka. Si kidogo. Nilijiziba mdomo nikacheka hadi chai ikamwagika. Nikasema kwetu wako wengi. Halafu ndio nikaona jino."

Veronicah aliliachia komeo la geti.

"Nilitoka pale nikiwa nimekukasirikia wewe kwa sababu hiyo ilikuwa rahisi. Nikakwambia asijue. Nilijua akijua, kitu ya kwanza atauliza ni kama nilikuwa hapo. Na ya pili atauliza nilifanya nini." Alijifuta uso kwa kiwiko. "Nilikuwa najificha nyuma yako, Vero. Nyuma ya makosa yako. Hata kukuwekea masharti nikakuwekea."

Sasa ilikuwa zamu ya Veronicah kuumiza. Maneno yalikuwepo, makali, na alistahili kuyasema. Lakini alimtazama yule mtu akijipangusa pua kama mtoto, na hasira ikakosa mahali pa kushika. Akamwona kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Kwa mara ya kwanza pia hakuona haya kumtazama.

"Rudi ndani," alimwambia.

"Nikamwambie?"

"Mwambie."

"Atanichukia."

"Labda."

"Wewe hujui vile inahisi kusimama mbele yake na—"

"Cliff. Nimetoka huko ndani saa hii."

Clifford karibu atabasamu, akashindwa. Aliunyosha mkono, akauweka kwenye shavu lake, kiganja kikiwa baridi, na Veronicah akaegemea pale kwa muda mfupi mno. Kisha Clifford akageuka, akazipita shuka, akaingia, na mlango ukafungwa.

Veronicah alingoja. Hakujua anangoja nini. Jirani alikuja kuchota maji, akamsalimia, naye akaitikia. Ndani sauti ya Clifford ilisikika chini chini, kwa Kijaluo, maneno asiyoyaelewa. Ikanyamaza. Sauti ya Mama Peres haikusikika kabisa, na hilo lilimtia hofu kuliko kelele. Kisha akasikia kilio cha mwanamume, kile cha mtu asiyezoea kulia, na akapiga hatua tatu kuelekea mlangoni kabla ya kukumbuka kwamba alifukuzwa.

Mlango ukafunguka. Mama Peres alisimama kizingitini. Mkono ulikuwa umeondoka mdomoni.

"Wewe bado uko?"

"Niko, Mama."

"Sijakusamehe."

"Ndiyo, Mama."

"Jumatatu nitakuja. Usifikirie ni kwa sababu yako."

"Ndiyo, Mama."

Mama Peres alimtazama kutoka juu hadi chini, akatazama ndani ya nyumba, akashusha pumzi kwa hasira.

"Ingia basi, unangoja nini hapo? Huyu mtu wako analia, na mimi nimemkasirikia, siwezi kumbembeleza."